Kutu ya chini ya lori: Adui anayetafuna mtaji wa wachukuzi wa Meru na Embu

MMILIKI wa lori katika miji ya Meru, Maua, Runyenjes au Embu anaweza kutumia pesa nyingi kulirembesha gari lake kwa rangi, maandishi na taa. Ni wachache, hata hivyo, wanaoinama kutazama upande wa chini, ambako chasisi, mabomba ya breki na vishikizo vya springi huliwa polepole na kutu mwaka baada ya mwaka.

Uzembe huu una gharama kubwa. Chasisi ndiyo uti wa mgongo wa lori. Injini ikiharibika hununuliwa nyingine, na bodi ikichakaa seremala na fundi wa mabati huijenga upya. Lakini chasisi ikioza na kupasuka, aghalabu thamani ya gari lote huwa imekwisha. Kwa mchukuzi aliyelinunua kwa mkopo, deni haliishi kwa sababu chuma kimeliwa.

Isitoshe, wengi wanaojaribu kuizuia kutu hufanya jambo moja tu: hupaka rangi nyeusi au lami juu ya uchafu, gari likang'aa kama jipya, nao wakaridhika. Rangi ya namna hiyo huificha kutu machoni pa mwenye gari huku ikiiacha iendelee na kazi yake. Kinga ya kweli huanza na maji safi, jua na brashi ya waya. Rangi huja baadaye.

Kutu ni nini?

Chuma hushika kutu kinapokutana na vitu viwili kwa pamoja: maji na hewa ya oksijeni. Kimoja kikikosekana, kutu husimama. Ndiyo maana msumari uliotiwa ndani ya mafuta hudumu miaka mingi, nao ulioachwa kwenye nyasi zenye umande hugeuka mwekundu kwa siku chache.

Kitu cha tatu, ambacho ni chumvi, huiharakisha kazi hiyo. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko maji ya mvua, na kutu ni tendo la umeme mdogo unaopita kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine. Neno chumvi hapa halimaanishi ile ya mezani pekee. Mbolea nyingi za viwandani pia ni chumvi, nazo zina tabia ya kuvuta unyevu kutoka hewani.

Jambo jingine la kukumbukwa ni kwamba kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kuanzia mara mbili hadi mara sita. Kutu inapoota kati ya vipande viwili vya chuma vilivyobanwa kwa ribiti au boliti, huvisukuma vikaachana kwa nguvu ambayo hata boliti nene haiwezi kuizuia. Mwenye lori akiona vipande vya chasisi vimevimba na kupanuka mahali vilipokutana, ajue kwamba kazi hiyo imekuwa ikiendelea kwa muda mrefu.

Mazingira ya Meru na Embu

Wako wanaodhani kwamba kutu ni tatizo la Mombasa na Malindi, kwa sababu ya upepo wa bahari. Ni kweli kwamba pwani ndiko kutu inakokwenda kwa kasi zaidi, lakini miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya ina mazingira yake yanayoila chasisi.

Ukanda wa majani chai ndio wa kwanza. Malori yanayokusanya majani mabichi kutoka vituo vya wakulima na kuyapeleka katika viwanda kama Kionyo, Kinoro, Githongo na Michimikuru kwa upande wa Meru, au Mungania na Rukuriri kwa upande wa Embu, hufanya kazi katika eneo lenye ukungu na mvua za mara kwa mara. Mwezi wa Julai na Agosti, hata pasiponyesha mvua kubwa, baridi na manyunyu huufanya upande wa chini wa gari ukose kukauka kwa siku nyingi mfululizo.

Udongo nao una lawama yake. Tope jekundu la sehemu hizi hushikamana na chuma kama gundi. Hujaa juu ya tangi la mafuta, nyuma ya magurudumu, ndani ya mikunjo ya chasisi na kuzunguka vishikizo vya springi. Juu yake huonekana limekauka, lakini ndani hubaki na unyevu kwa siku kadhaa. Chuma kilichofunikwa na tope la namna hiyo ni sawa na mtu aliyelala na nguo zilizolowa.

Barabara za murami katika maeneo ya Igembe, Imenti na Mbeere hurusha changarawe ambazo hupiga upande wa chini wa gari na kuibandua rangi iliyotoka kiwandani. Kadhalika, malori ya mchanga kutoka Tharaka na Mbeere husuguliwa na mchanga wenyewe, na mara nyingi hubeba mzigo ambao bado unachuruzika maji.

Kisha iko mbolea. Kila msimu, magunia ya mbolea ya chai, kahawa na mahindi husafirishwa hadi vijijini. Gunia moja likipasuka, chembe zake hupenya kati ya mbao za bodi na kutua juu ya chasisi, ambako huvuta unyevu na kutengeneza maji makali yanayokula chuma. Lori hilo hilo likibeba samadi au mifugo kesho yake, mkojo na kinyesi cha wanyama huongeza chumvi nyingine.

Pikapu hazikusalimika. Zile zinazobeba muguka kutoka Mbeere hadi Mombasa hurejea nyumbani zikiwa zimepakwa chumvi ya hewa ya bahari. Aidha, baadhi ya magari yaliyotumika Japani kabla ya kuletwa nchini yalitembea katika maeneo ya kaskazini kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Kanuni ya Kenya inayozuia magari yaliyozidi umri wa miaka minane haimwambii mnunuzi miaka hiyo ilipitishwa wapi.

Ubaya wa chumvi hiyo ya barabarani ulidhihirika nchini Marekani. Mnamo Novemba 2016 ilitangazwa kwamba kampuni ya Toyota ilikubali mapatano ya hadi dola bilioni 3.4 ili kumaliza kesi ya wamiliki wa magari ya Tacoma, Tundra na Sequoia, yapatayo milioni 1.5, waliolalamika kwamba chasisi zake hazikukingwa vya kutosha dhidi ya kutu. Ikiwa gari la kampuni kubwa kiasi hicho laweza kuoza kutoka chini, hakuna mwenye gari anayepaswa kutegemea jina la kiwanda pekee.

Mahali inapojificha

Kutu inayoonekana si ya kutisha sana. Ile ya hatari hukaa mahali ambapo jicho na maji ya kuoshea havifiki.

Mahali pa kwanza ni chini ya mbao. Malori mengi nchini hujengewa bodi na mafundi wa humu humu, nao huweka mbao ndefu kati ya chasisi na bodi ili kupunguza mtikisiko. Mbao hizo hunyonya maji ya mvua na kuyahifadhi dhidi ya chuma. Fundi anapong'oa bodi kuukuu, mara nyingi hukuta sehemu ya juu ya chasisi imeliwa, hali pande zake bado ni nzima.

Mahali pa pili ni pale chasisi ilipoongezwa chuma kingine ili ibebe mzigo mkubwa zaidi. Maji yakiingia kati ya vyuma hivyo viwili hayatoki kwa urahisi.

Mahali pa tatu ni ndani ya chasisi zilizofungwa pande zote kama bomba, zilizo za kawaida katika pikapu. Zina vitundu vya kutolea maji. Tope likiviziba, chasisi huoza kutoka ndani, na kwa nje rangi hubaki nzuri hadi siku inapotoboka.

Mahali pa nne ni penye hatari kuliko pote: mabomba membamba ya breki yanayopita kando ya chasisi. Bomba lililoliwa na kutu huweza kustahimili breki ndogo ndogo za mjini, kisha likapasuka siku dereva anapokanyaga kwa nguvu zake zote. Mafuta ya breki humwagika na kanyagio likazama bila kizuizi.

Wanaoifahamu barabara ya kutoka Embu kwenda Meru wanajua maana ya jambo hilo. Barabara hiyo huteremka kuvuka mito ya Thuci, Nithi na Mutonga, na mteremko wa daraja la Nithi una historia ndefu ya maafa. Tarehe 24 Julai 2022, basi lilitumbukia hapo na kuua watu zaidi ya 30. Ajali hiyo haitajwi hapa kwa sababu ya kutu, bali kukumbusha kwamba katika mteremko kama huo breki ndizo uhai wa kila aliye barabarani.

Malori makubwa yanayotumia breki za upepo yana tatizo lao. Hewa inayosindikwa na kompresa huwa na unyevu, nao hugeuka maji ndani ya mitungi. Maji hayo huitia mitungi kutu kutoka ndani na kuharibu vali. Dereva anapaswa kuyatoa kila siku kupitia koki iliyo chini ya mtungi, kazi isiyochukua hata dakika tano.

Makosa ya kawaida

Kosa la kwanza limekwisha kutajwa: kupaka rangi au lami juu ya kutu na tope. Lami nzito hupasuka inapopigwa na mawe. Maji huingia kupitia nyufa hizo, yakanaswa kati ya lami na chuma, na kutu ikaendelea pasipo mtu kuiona.

Kosa la pili ni kupulizia oili chafu au dizeli. Desturi hii imeenea kwa sababu oili chafu hupatikana karibu bure katika kila gereji. Haikosi faida kabisa, kwani mafuta yoyote huzuia maji kwa muda. Lakini oili iliyokwisha kutumika ndani ya injini hubeba asidi na vumbi la metali, huharibu bushi za mpira, hunasa vumbi, na ikifika kwenye breki huzinyima nguvu ya kushika. Vilevile ni hatari kwa ngozi ya fundi anayeishika kila siku. Dizeli nayo huyeyusha grisi iliyokuwa ikilinda viungo, kisha ikakauka na kuviacha uchi.

Oili hiyo haikai kwenye chasisi. Mvua ikinyesha, huteremka hadi mito kama Rupingazi na Kathita, ambayo maji yake huishia Mto Tana na hutumiwa na watu na mifugo njiani. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inakataza kuchafua maji, na kuosha lori mtoni ni kuwatilia majirani sumu.

Kosa la tatu ni kuchomelea kiraka popote penye tundu. Joto la kuchomelea hubadilisha nguvu ya chuma cha chasisi, hasa kile kilichotengenezwa kwa namna maalumu ili kibebe mzigo mzito, na huunguza rangi iliyo upande wa pili. Mara nyingi chasisi hukatika kandokando ya kiraka.

Namna ya kuikinga

Kazi hii ina mpangilio wake, na kuruka hatua moja ni kuiharibu yote. Wakati unaofaa ni Januari na Februari, kabla ya mvua za masika, au Septemba kabla ya mvua za vuli kuanza mwezi wa Oktoba. Anayeishi ukanda wa chai afadhali alipeleke gari sehemu zenye joto na ukavu kwa siku mbili tatu kuliko kupaka rangi katikati ya ukungu.

Kwanza, gari lioshwe kwa maji yenye nguvu na sabuni hadi tope lote litoke, pamoja na lililojificha juu ya tangi na ndani ya mikunjo ya chasisi. Vitundu vya kutolea maji vizibuliwe kwa waya.

Pili, liachwe likauke kabisa. Siku nzima ya jua kali ni ya chini kabisa, na mbili ni bora.

Tatu, chasisi igongwe kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, na kilichooza hutoa sauti nzito kama ya debe lililojaa mchanga. Penye shaka patiwe alama kwa chaki.

Nne, kutu inayobanduka ikwanguliwe kwa patasi, kisha isuguliwe kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma kionekane. Fundi avae miwani na kitambaa cha kuziba pua. Nambari ya chasisi isisagwe wala kuzikwa chini ya rangi nzito, kwani mkaguzi au mnunuzi asiyeiona huwa na haki ya kulitilia gari shaka.

Tano, kutu nyembamba iliyobaki katika vishimo yaweza kutibiwa kwa dawa maalumu. Baadhi ya dawa hizo hutumia asidi ya fosforiki, na nyingine hutumia tanini, kitu kile kile kinachopatikana katika majani chai na maganda ya miti ya miwati. Yeyote aliyewahi kukata ndizi mbichi kwa kisu cha chuma na kukiona kikigeuka cheusi ameshuhudia tanini ikifanya kazi. Dawa hii huigeuza kutu nyembamba kuwa tabaka gumu jeusi linaloshika rangi. Haiwezi kuitibu kutu nene inayomenyuka kama maganda.

Sita, mafuta yote yapanguswe kwa thina, kisha ipakwe rangi ya msingi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, kabla umande wa jioni haujaanguka. Rangi zenye zinki zinasifika kwa kazi hii. Zinki hukubali kuliwa kwanza ili chuma kibaki, na ndiyo sababu bati la nyumba lililokwaruzwa kidogo halishiki kutu upesi.

Saba, baada ya rangi ya msingi kukauka, zipakwe tabaka mbili za rangi ya juu. Sehemu zinazopigwa na mawe, kama nyuma ya magurudumu, zaweza kuongezewa mpako mzito wa mpira au lami, kwa kuwa sasa kuna msingi safi chini yake.

Nane, ndani ya chasisi zilizofungwa kupuliziwe nta au mafuta ya kuzuia kutu kwa mrija mrefu. Yako mafuta ya aina hii yanayotokana na sufu ya kondoo. Vitundu vya maji visizibwe.

Katika kazi yote hii, breki, mipira, viungo vya shafti, chuchu za grisi, bomba la moshi na nyaya za umeme vifunikwe kwa gazeti au nailoni. Lori likivuliwa bodi, hiyo ni fursa ya kupaka rangi sehemu ya juu ya chasisi na kuzitia mbao dawa kabla ya kuzirejesha.

Utunzaji wa kila wiki

Kazi hiyo ikikamilika, utunzaji si mgumu. Upande wa chini uoshwe kila wiki wakati wa mvua, na siku hiyo hiyo gari linapotoka kubeba mbolea, samadi, mifugo au kurudi kutoka pwani. Lisiegeshwe usiku kucha kwenye nyasi, kwa sababu nyasi hutoa unyevu hadi asubuhi. Mahali pakavu penye kokoto panafaa zaidi.

Kila mwanzo wa msimu wa mvua, dereva na utingo wake watambae chini ya gari wakiwa na tochi, brashi na kopo la rangi. Alama ndogo ya jiwe ikipakwa rangi mapema, huwa imekwisha. Ikisubiri mwaka, hugeuka tundu. Magari ya kibiashara hukaguliwa kila mwaka kwa mujibu wa sheria, lakini ukaguzi wa siku moja hauwezi kuchukua nafasi ya jicho la mwenye mali.

Anayenunua lori lililotumika naye ana la kujifunza. Chasisi iliyopakwa rangi nyeusi mbichi siku chache kabla ya kuuzwa haipaswi kumfurahisha mnunuzi. Na aombe ruhusa ya kuigonga kwa nyundo, kuukwaruza upande wa chini wa mihimili na kuangalia mabomba ya breki kwa mwangaza wa tochi. Muuzaji asiyekubali jambo hilo atakuwa amekwisha kujibu swali.

Ikiwa nyundo imepenya chuma, au vyuma vilivyobanwa vimeachana, au kuna ufa karibu na kishikizo cha springi, rangi haina tena la kufanya. Gari hilo lisipakiwe mzigo hadi fundi mwenye ujuzi wa chasisi alipime, na mabomba ya breki yaliyoliwa yabadilishwe yote badala ya kuungwa.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye lori, ufa huo huanza kama doa jekundu lisilozidi ukubwa wa ukucha, na kuliziba huhitaji nusu siku, brashi ya waya na kopo moja la rangi.